Ukingo Usiorudisha Mwangwi

Mawimbi ya tetemeko la ardhi huweza kusafiri hadi upande wa pili wa dunia, ilhali kompyuta inayoyaiga ina kumbukumbu yenye ukomo, hivyo kipande cha ardhi kinachochunguzwa hulazimika kukatwa mahali fulani. Na pale kilipokatwa, hesabu hulichukulia wimbi kuwa limegonga ukuta, ikalirudisha kama mwangwi ambao katika ardhi halisi haupo.

Mwaka 1969 Lysmer na Kuhlemeyer walipendekeza ukingo uwekewe vizuizi vya kinadharia, mfano wa shokapu za gari, vyenye ukinzani unaolingana na msongamano wa mwamba ukizidishwa kwa kasi ya wimbi. Wimbi lililoujia ukingo moja kwa moja lilimezwa lote, lakini lililokuja kwa mshazari lilirudi kwa kiasi. Miaka 5 baadaye Smith alibuni hila ya kupendeza: hesabu ifanywe mara mbili kwa masharti yanayokinzana, ambayo kwa wimbi sahili ni kuufunga ukingo usisogee, kisha kuuacha huru, kwa kuwa miangwi ya hali hizo mbili ina alama zinazopingana na wastani wake ni sifuri. Gharama yake, hata hivyo, ilikuwa ya kutisha, maana kila ukingo unaoongezwa hurudufu kazi, na sanduku lenye nyuso 5 za kunyamazishwa hudai hesabu 32.

Mwaka 1977 Clayton na Engquist walitumia milinganyo inayoliruhusu wimbi kwenda nje tu, ingawa nayo ilidhoofika mbele ya mshazari mkali. Cerjan na wenzake, mwaka 1985, hawakujishughulisha na werevu wa aina hiyo: waliuzungushia mfano ukanda wa nukta 20, ambamo kila hatua ya hesabu wimbi huzidishwa kwa namba iliyo chini kidogo ya 1, ikishuka taratibu hadi takriban 0.92 ukingoni kabisa, kwani upunguzaji wa ghafla nao huzaa mwangwi.

Mageuzi makubwa yalitoka katika fani ya sumakuumeme, pale Bérenger wa Ufaransa alipobuni, mwaka 1994, tabaka ambalo kinadharia halirudishi wimbi la pembe wala masafa yoyote. Mwaka 2001 Collino na Tsogka wakalionyesha likifanya kazi kwa mawimbi ya miamba. Nadharia ilipogeuzwa kuwa nukta za kompyuta, mawimbi yanayoambaa na ukingo yalianza tena kurudi, kasoro ambayo Komatitsch na Martin waliipunguza sana mwaka 2007. Kasoro nyingine ilikuwa sugu zaidi: mwaka 2003 Bécache, Fauqueux na Joly walionyesha kuwa katika baadhi ya miamba ambayo kasi ya wimbi hutegemea mwelekeo, tabaka hilo hulikuza wimbi badala ya kulififisha, na kwa miamba ya namna hiyo wapo watafiti wanaorudia ukanda wa Cerjan, wakiupanua tu.