Ujuzi wa Timau Unahitaji Ngazi

Timau, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, ni mji mdogo ambao waridi lake hufika Ulaya. Ndani ya kivungulio, skauti hupita mstari kwa mstari akigeuza majani atazame upande wa chini. Anasaka utitiri mwekundu, mdudu mdogo mno hivi kwamba madoa ya manjano anayoacha huonekana kabla yake. Akimpata, hufunga utepe kwenye shina na kuandika idadi. Kwa taarifa hiyo shamba huamua: linyunyize dawa, au liachilie utitiri mlaji, Phytoseiulus, ammalize. Mvunaji naye anajua akate juu ya jani lipi ili shina lijalo lichipuke na nguvu, na ua liwe limefunguka kiasi gani kwa soko lipi. Hiyo ni elimu ya miaka. Lakini akihama, huondoka mikono mitupu, na shamba la pili linaweza kumwandika kibarua kama aliyefika jana.

Wazee wa mlima huu walikuwa na utaratibu mwingine. Katika Facing Mount Kenya (1938), Jomo Kenyatta alieleza uhunzi wa Wagikuyu, waliopata chuma kutokana na mchanga wa mitoni. Kijana alijifunza chini ya mhunzi, na akihitimu jamii ilimtambua kwa jina la kazi yake: muturi. Lamu nako kijana wa nakshi huanzia kwenye msasa na kunoa patasi, na jina la fundi wake ndilo cheti chake. Utaratibu huo una heshima kubwa, ila nguvu yake huishia pale jina la fundi linapoishia kujulikana.

Wajerumani walilitatua hilo kwa sheria ya 1969. Kwao ukulima wa bustani na maua ni taaluma ya miaka 3, mwanafunzi akigawa siku zake kati ya shamba na shule, na mtihani husimamiwa na chombo kilicho nje ya shamba. Hapo ndipo penye uzito: mwajiri hufundisha, lakini si yeye anayetoa cheti.

Hata hivyo, sidhani Timau inafaa kuiga kila kitu. Mama aliyeachia shule kidato cha pili na amekaa kivungulioni miaka kumi hatarudi darasani miaka 3, na wala hahitaji. Chuo nacho kipo: watu wa Nyeri walichanga kwa Harambee wakaanzisha Taasisi ya Kimathi mwaka 1972, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, na fahari hiyo ni yao kwa haki. Lakini mlango wa chuo kikuu hufunguliwa na alama za mtihani wa shule. Anachohitaji mama huyu ni kupimwa kwa kazi anayoijua tayari.

Vyombo vipo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) hutoza waajiri shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na ina mitihani ya ufundi ya daraja la 3 hadi la 1. Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Wenye mashamba wa Timau, mnalipa tozo hiyo tayari: waiteni watahini waje kivungulioni, wampime skauti akiwa kazini, na cheti kiandikwe jina lake.