Divai ya Altare na Zabibu za Dodoma



Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Morogoro mwaka 1882, divai ya Misa ilitoka Ulaya kwa meli, kisha ikapandishwa kutoka pwani vichwani mwa wapagazi. Ndipo mwaka 1957 wamisionari Waitaliano wakapanda mizabibu Bihawana, Dodoma.

Huko zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini kampuni ya umma, DOWICO, ilianguka miaka ya 1990, na wakulima wamehangaikia soko tangu hapo. Divai ya zabibu za nchini hutozwa ushuru mdogo kuliko ya kigeni. Hata hivyo sisi wanunuzi, tukiandaa harusi au komunio ya kwanza, twaidhania duni kwa kuwa ni rahisi (ile ya kikombe cha Misa hatujaiuliza bei).