Choo

Neno "choo", wingi "vyoo", lina maana mbili: mahali pa kujisaidia na kinyesi chenyewe. Ndiyo maana daktari humuuliza mgonjwa kama amepata choo, na maabara hupima choo kikubwa. Maana zote mbili hukutana katika kinachoweza kuitwa choo cha kusaga, kinachotumika Ulaya. Nyuma ya bakuli hukaa kisanduku chenye visu. Mtu akishavuta maji, visu huzunguka na kusaga kinyesi na karatasi laini hadi viwe kama uji, kisha pampu huusukuma katika bomba jembamba, hata kupanda juu. Bomba la choo cha kawaida huwa na kipenyo cha milimita 100 hivi. Hili jembamba huweza kuwa na milimita 32 tu. Kwa chumba kilicho chini ya ardhi, au mbali na bomba kuu, ni nafuu kuliko kuvunja sakafu. Lakini pedi na vitambaa hukwamisha visu, na umeme ukikatika choo hakitumiki. Mwongozo wa ujenzi nchini Uingereza hukikubali iwapo nyumba ina pia choo kingine kinachomwaga maji kwa mteremko bila pampu, sharti la busara kabisa, hasa panapokatika umeme mara kwa mara.