Mbeya katika Namba

Kila namba, iwe kubwa namna gani, ina tabia zake za asili, wala hazibadiliki kwa ajili ya kitu kilichohesabiwa. Maana yake katika historia ya nchi ni jambo jingine, na Mbeya ni mfano mwema.

Sensa ya mwaka 2012 ilipata watu 2,707,410 katika Mkoa wa Mbeya. Namba hiyo yaishia na sifuri, basi yagawanyika kwa 2 na kwa 5. Tarakimu zake zikijumlishwa huwa 21, basi yagawanyika kwa 3 pia. Vigawo hivyo vitatu vikiondolewa hubaki 90,247, nayo ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Laiti angalihesabiwa mtoto mmoja zaidi, vigawo 2, 3 na 5 vingalitoweka vyote pamoja.

Mwaka 2016 wilaya za magharibi, zikiwamo Mbozi na Ileje, zilitengwa zikawa Mkoa wa Songwe. Namba ya 2012 nayo ikagawanyika: watu 1,708,548 wakabaki upande wa Mbeya, na 998,862 wakawa wa Songwe. Kila fungu lagawanyika kwa 2 na kwa 3, kama namba mama. Lakini 5 haikurithiwa na fungu lolote.

Ikaja sensa ya 2022, na Mbeya ikawa na watu 2,343,754. Asomaye kwa haraka atatoa namba hii katika ile ya kwanza, aseme kwamba watu 363,656 wamepungua. Hesabu yake ni sahihi, na neno lake ni uongo. Katika ardhi ile ile iliyobaki Mbeya, watu walikuwa wameongezeka kwa 635,206, yaani zaidi ya theluthi moja katika miaka kumi.

Kosa hilo si dogo. Madarasa, zahanati na visima hupangwa kwa kufuata idadi ya watu. Na mwenye kudhani kwamba watu wamepungua atawanyima waliozaliwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia, kabla ya kutoa namba moja katika nyingine, na aulize kwanza kama mipaka ya nchi iliyohesabiwa ni ile ile. Kanuni za hesabu hazitamwambia hayo. Atayapata katika kumbukumbu za utawala.