Redio za mijadala na kampeni za urais Marekani: nani ana haki ya kujibu?

Asubuhi ya Machi 28, 2016, Donald Trump alipiga simu katika kituo cha redio cha WTMJ mjini Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Wakati huo alikuwa akiongoza mbio za kuwania tiketi ya urais ya chama cha Republican, na kura za mchujo za jimbo hilo zilikuwa zimebakiza siku nane. Mtangazaji aliyeipokea simu, Charlie Sykes, alikuwa mhafidhina aliyezungumza na wafuasi wa Republican kwa zaidi ya miaka 20. Mgombea yeyote wa chama hicho angetarajia makaribisho mema. Badala yake, Sykes alimwambia hewani kwamba yeye ni miongoni mwa wahafidhina walioapa kutompigia Trump kura, kisha akambana kuhusu dhihaka iliyoelekezwa kwa mke wa mpinzani wake, Ted Cruz.

Aprili 5, Cruz alishinda mchujo wa Wisconsin kwa takriban asilimia 48 dhidi ya 35 za Trump, akajizolea wajumbe 36 kati ya 42. Wengi walisema kazi hiyo ilifanywa na watangazaji wa Milwaukee. Hata hivyo, Novemba ya mwaka huohuo Trump alilitwaa jimbo hilo katika uchaguzi mkuu kwa tofauti ya kura zisizofika 23,000, akiwa Mrepublican wa kwanza kufanya hivyo tangu 1984. Sykes naye aliacha kipindi chake mwishoni mwa mwaka.

Katika muda wa miezi tisa tu, redio ilionekana kuwa na nguvu ya kumwangusha mgombea, kisha ikaonekana haina nguvu hata kidogo. Kwa nini iwe hivyo? Jibu limo katika historia ndefu ya vipindi hivi, na hasa katika swali ambalo sheria ya Marekani imelijibu kwa namna tofauti kila kizazi: mtu anaposemwa vibaya redioni, je, ana haki ya kujibu?

Mjadala wa mtu mmoja

Jina "redio za mijadala" linapotosha kidogo. Mjadala huhitaji watu wawili, ilhali katika vipindi vingi vya aina hii anayezungumza ni mmoja, kwa saa mbili au tatu kila siku ya kazi. Wasikilizaji hupiga simu, lakini kabla ya kusikika hupokewa na mfanyakazi wa kipindi anayewauliza majina, mahali walipo na wanachotaka kusema. Yeye na mwenye kipindi ndio huamua nani aingie hewani. Anayeafikiana huingia ili kuipa hoja uzito. Anayepinga naye huingia, mara nyingi ili ashindwe mbele ya watu.

Mwenye kipindi si mwandishi wa habari, wala kwa kawaida hadai kuwa hivyo. Hutoa maoni, hutania, hukasirika, na katikati ya maoni hayo husoma kwa sauti yake mwenyewe matangazo ya magodoro, dhahabu au dawa. Kwa msikilizaji wa mbali anayepata vipande vya dakika moja kwenye simu yake, tofauti hiyo kati ya habari na maoni hupotea kwa urahisi.

Padri wa Detroit

Wa kwanza kuipima redio ya namna hii katika uchaguzi wa rais alikuwa padri wa Kikatoliki, Charles Coughlin, aliyetangaza kutoka Royal Oak, nje kidogo ya mji wa Detroit. Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, mamilioni ya watu walikuwa wakimsikiliza. Mwaka 1932 alimuunga mkono Franklin Roosevelt. Kufikia 1936 alikuwa amemgeuka na kumpigia debe William Lemke wa chama kipya cha Union. Coughlin aliahidi kuacha utangazaji iwapo Lemke hangepata kura milioni tisa. Lemke hakufikisha hata laki tisa. Padri aliondoka hewani, ingawa miezi michache baadaye alirejea, safari hii akiwa na chuki ya wazi zaidi dhidi ya Wayahudi.

Wakati huo sheria ilikuwa imeshaanza kuchukua umbo. Sheria ya Redio ya 1927, na baadaye Sheria ya Mawasiliano ya 1934 iliyounda Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, ilisema kwamba kituo kikimruhusu mgombea mmoja kutumia mawimbi yake, sharti kiwape washindani wake fursa sawa. Kanuni hiyo ingali hai. Mwaka 1959 Bunge liliondoa taarifa za habari na mahojiano ya kihabari katika sharti hilo, na tafsiri ya neno "mahojiano" imekuwa ikipanuka tangu hapo: mwaka 2003 FCC iliamua kwamba hata mahojiano ya Howard Stern, mtangazaji aliyejulikana zaidi kwa matusi kuliko siasa, yanastahili msamaha huo.

Kitabu kimoja na kesi ya Red Lion

Kanuni ya pili, ambayo mara nyingi huchanganywa na ya kwanza, ni Kanuni ya Uadilifu ya mwaka 1949. Hii haikuhusu wagombea peke yao. Ilivitaka vituo vishughulikie masuala yenye utata kwa umma, na vifanye hivyo kwa kuzipa nafasi pande zinazopingana. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: masafa ni machache, wanaoyataka ni wengi, na anayepewa leseni ni mdhamini tu wa mali ya umma.

Jaribio lake kubwa lilitokana na kampeni ya urais. Mwaka 1964 mwandishi Fred Cook alichapisha kitabu cha kumshambulia Barry Goldwater, mgombea wa Republican. Wiki chache baada ya Goldwater kushindwa, mhubiri Billy James Hargis alimshambulia Cook katika kipindi kilichorushwa na kituo kidogo cha Red Lion, Pennsylvania. Cook aliomba muda wa kujibu bila malipo. Kituo kilikataa. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1969 majaji wote wanane walioshiriki waliafiki kwamba Cook alikuwa na haki ya kujibu, na kwamba haki ya wasikilizaji hutangulia haki ya wamiliki wa vituo.

Ushindi huo ulidumu miaka 18. Katika enzi ya Ronald Reagan, FCC ilihoji kwamba vituo vilikuwa vimeongezeka na kwamba kanuni hiyo iliwafanya watangazaji wayakwepe masuala mazito kwa kuhofia madai ya muda wa majibu. Bunge lilijaribu kuigeuza kuwa sheria kamili. Reagan alitumia kura yake ya turufu Juni 1987, na Agosti tume ikaifuta. Reagan mwenyewe aliyajua mambo haya kwa vitendo: katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 alikuwa na maoni mafupi ya kila siku katika mamia ya vituo, akayasitisha alipotangaza kugombea urais mwishoni mwa 1975, kwani wapinzani wangeweza kudai fursa sawa.

Saa tatu za Rush Limbaugh

Agosti 1, 1988, mwaka mmoja baada ya kanuni kufutwa na katikati ya kampeni ya George H. W. Bush dhidi ya Michael Dukakis, Rush Limbaugh alianza kusikika nchini kote. Alianza na vituo 56. Baadaye vilizidi 600.

Ni rahisi kusema kwamba kufutwa kwa kanuni ndiko kulikomzaa Limbaugh, na wengi husema hivyo. Lakini hiyo ni nusu tu ya maelezo. Muziki ulikuwa umehamia FM, na vituo vya AM vilikuwa vikitafuta cha kujaza hewa tupu. Setilaiti ilikuwa imeshusha gharama ya kusambaza kipindi kimoja nchi nzima, na kituo kidogo kiliweza kukipata bila kulipa fedha taslimu, kwa kutoa tu dakika zake za matangazo ya biashara. Kisha Sheria ya Mawasiliano ya 1996 iliondoa ukomo wa idadi ya vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchini. Kampuni ya Clear Channel ilivuka vituo 1,000.

Wanasiasa walielewa haraka. Mwaka 1992 Rais Bush alimkaribisha Limbaugh kulala Ikulu na kumbebea begi kwa mkono wake mwenyewe. Novemba akashindwa na Bill Clinton. Mwaka 1994 Warepublican walipolitwaa Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40, wabunge wapya walimfanya Limbaugh mwenzao wa heshima. Miezi michache kabla, Juni, Clinton alikuwa amelalamika katika redio KMOX ya St. Louis kwamba, akishamaliza kuzungumza, Limbaugh angekuwa na saa tatu za kusema alitakalo bila yeye kupata nafasi ya kujibu. Rais wa Marekani alikuwa akiliomba lile ambalo Cook alilipata mwaka 1969.

Nguvu na mipaka yake

Nguvu ya kweli ya redio hizi ilionekana Juni 2007. Muswada wa mageuzi ya uhamiaji, ambao ungewafungulia mamilioni ya watu wasio na vibali njia ya kupata uraia, uliungwa mkono na Rais George W. Bush na Seneta John McCain. Watangazaji waliupinga kila siku, simu zikamiminika katika Baraza la Seneti, na Juni 28 ukakwama kwa kura 46 dhidi ya 53.

Mwaka uliofuata, watangazaji haohao walimpinga McCain katika mchujo. Kufikia Machi 2008 alikuwa tayari amejihakikishia tiketi. Limbaugh akawataka Warepublican wampigie kura Hillary Clinton katika mchujo wa Democratic, kwa vile baadhi ya majimbo huruhusu hilo, ili kurefusha ugomvi wake na Barack Obama. Obama alipata tiketi na urais. Kuuzuia muswada kunahitaji maelfu wenye hasira wanaopiga simu. Kumpata rais kunahitaji makumi ya mamilioni, na wengi wao hawasikilizi.

Upande wa mrengo wa kushoto ulijaribu kuiga. Air America ilianzishwa Machi 2004, ikafilisika 2006 na kunyamaza kabisa Januari 2010. Wademokrati wamepata sikio zaidi katika redio za Wamarekani weusi, nazo zina mitihani yake. Mei 2020 Joe Biden alilazimika kujutia matamshi yake katika kipindi cha Breakfast Club cha New York, alipodai kwamba mweusi anayesitasita kati yake na Trump si mweusi. Julai 2024 ilibainika kwamba maswali aliyoulizwa na kituo cha WURD cha Philadelphia yalitoka kwa wasaidizi wake. Mtangazaji aliondoka kituoni siku chache baadaye.

Limbaugh alifariki Februari 2021, mwaka mmoja baada ya Trump kumtunuku Nishani ya Rais ya Uhuru. Wasikilizaji wengi vijana wamehamia kwenye podikasti, ambazo hazitumii masafa wala leseni, na kwa hiyo hazifungwi na sheria ya 1934. Oktoba 25, 2024, Trump alizungumza na Joe Rogan kwa karibu saa tatu, na hakuna aliyelazimika kumpa Kamala Harris hata dakika moja. Novemba 2, Harris alionekana kwa takriban dakika moja na nusu katika kipindi cha vichekesho cha televisheni ya NBC. Siku iliyofuata, kwa mujibu wa kanuni ya fursa sawa, NBC ilimpa Trump muda wake, wakati wa matangazo ya mbio za magari.