UZI: Baridi ya Julai, nyumba za zamani na swali la nani alipe

1/ Kila mjadala wa bei ya stima ukianza hapa, lazima mtu aulize: mbona nyumba za zamani zisirekebishwe zitumie stima kidogo? Swali zuri. Lakini ukifuata historia, utaona shida haijawahi kuwa mafundi. Shida ni nani analipa na nani anafaidi.

2/ Mimi nakaa SQ, Lavington. Nyumba kubwa ya mbele ni ya mawe, ya enzi za ukoloni: dari, sakafu ya mbao, mahali pa kuota moto sebuleni. Chumba changu huko nyuma kilijengwa cha mtumishi: mabati, hakuna dari. Julai nalala na sweta, Februari naiva. Ploti ni moja.

3/ Haikutokea tu hivyo. Wakoloni walitenga miinuko ya magharibi mwa Nairobi iwe ya Wazungu, Waafrika wakapangwa Eastlands. Hata ndani ya ua mmoja, joto liligawanywa kwa rangi ya ngozi.

4/ Twende 2012. Zikatoka kanuni za kupasha maji kwa jua: jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liwekewe sola. Majengo yaliyokuwepo yakapewa miaka 5. Muda ukaisha 2017, na fleti nyingi za zamani, kuanzia mjini hadi Kilimani na Kileleshwa, bado zinategemea shawa ya stima.

5/ Kwa nini? Piga hesabu. Aliyepaswa kununua sola ni mwenye nyumba. Anayenunua tokeni ni mpangaji. Mwenye nyumba akitoa pesa, nafuu inaenda kwa mpangaji. Mpangaji naye paa si lake, na akihama hawezi kubeba dari.

6/ "Si basi aongeze kodi kidogo?" Hapo ndipo pagumu. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Huku kwetu hiyo nyumba utaipata wapi? Kwa hivyo sola inaweza kuingia na wewe ukatoka.

7/ Mwanasiasa akikuahidi kurekebisha nyumba za zamani, wa upande wowote, muulize: nani analipa? Kodi itapanda kiasi gani? Na vyumba vya nyuma vimo kwenye mpango?

Mimi nilimwomba mama mwenye nyumba aniwekee dari. Akasema sawa, lakini kodi itapanda. Nikanunua blanketi.