Kiungani: Chuo Kilichopeleka Walimu Bara

Mwaka 2025 ilitimia karne moja tangu Chuo cha Mtakatifu Andrea kihame Kiungani, kusini mwa mji wa Unguja, kikavuka bahari hadi Minaki, jirani na Kisarawe. Minaki inajulikana: ni shule ya sekondari ya serikali yenye sifa zake. Kiungani imebaki jina la wazee wa kanisa na wanahistoria. Hiyo ni hasara, maana sehemu kubwa ya Uanglikana wa Bonde, Masasi na kandokando ya Ruvuma ilianzia kwa vijana waliosomea pale.

Chuo kilizaliwa na kushindwa. Desemba 1857 David Livingstone alihutubia Cambridge na kuwaachia wasomi wa Uingereza mzigo wa kuipelekea Afrika ya Kati Injili, ndipo ikaundwa Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA. Askofu Charles Mackenzie alifika nyanda za mto Shire mwaka 1861, na Januari 1862 homa ilikuwa imekwisha kumuua. Mrithi wake, William Tozer, aliyatazama makaburi, akaondoka. Mwaka 1864 alihamia Unguja pamoja na Padri Edward Steere. Livingstone alimlaumu vikali kwa kuiacha bara. Lakini Tozer alikuwa ameona jambo ambalo Livingstone hakutaka kuliona: Mzungu mmojammoja anayekufa kwa homa hawezi kulitimiza agizo la Mathayo 28. Mataifa yafanywe wanafunzi, sawa, ila na watu wanaojua njia, lugha na desturi za huko wanakokwenda.

Watu hao walipatikana kwa namna ya uchungu. Sultani Majid alimpa Tozer watoto watano wa kiume waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Wengine walifuata, hasa walioteremshwa kwenye majahazi na manowari za Kiingereza: Wayao, Wamakua, Wanyasa, kila mmoja na lugha yake, bila baba wala mjomba wa kumwulizia. Kumbukumbu za misheni hupenda kuuita mwanzo huo neema. Iwe hivyo, lakini mtoto asiye na ndugu, anayelishwa na kuvishwa na padri, hana nafasi kubwa ya kuikataa dini ya padri. Walio huru huko bara walilijua hilo, na kwa miaka mingi baadhi yao waliwadharau wahubiri kutoka Unguja kuwa ni watumwa tu. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha kitabu cha masimulizi ya wanafunzi wa Kiungani wenyewe, jinsi walivyotekwa, walivyouzwa na kuuzwa tena hadi pwani. Asomaye historia ya chuo hiki na aanzie hapo, kabla ya kusoma maisha ya maaskofu.

Steere, aliyekuwa askofu kuanzia 1874, alijifunza Kiswahili kwa wenyeji wa mji na akataka kila kitu kifundishwe kwa lugha hiyo. Kitabu chake cha sarufi kilitoka mwaka 1870. Misheni ilikuwa na mtambo wa uchapaji, na vijana waliotoka jahazini ndio waliopanga herufi za vitabu vya shule, sala na Maandiko. Aliongoza pia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa Juni 1873. Alifariki mwaka 1882, akazikwa humo.

Matunda ya kwanza yalikuwa machache. John Swedi, mmoja wa wale watoto watano, alipewa ushemasi mwaka 1879. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyesoma Kiungani na kisha Canterbury, alipata upadri, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hilo. Kituo chake kilikuwa Chitangali, kwa mfalme wa Kiyao Barnaba Nakaam, na kwa muda mrefu alikiongoza bila Mzungu pembeni. Yohana Abdallah alirudi Unangu, upande wa Msumbiji, akawa padri wa watu wake mwenyewe na mwandishi wa historia ya Wayao kwa Kiyao, iliyotoka mwaka 1919.

Nyuma ya mapadri hao walikuwapo walimu wengi wasio na jina vitabuni. Mwalimu alipelekwa kijijini, akajenga banda la miti na nyasi, asubuhi akifundisha watoto kusoma, jioni akiwafundisha watu wazima dini. Ubatizo haukuharakishwa. Mtu alianza kuwa msikilizaji, akawa mkatekumeni, akakaa humo miaka, kijiji kizima kikimtazama anavyoishi. Ukipima kazi ya mwaka mmoja utasema haikufanyika kitu. (Walipeleka na mpira wa miguu: vijana wa Kiungani walikuwa miongoni mwa waliocheza mwanzo Unguja, kisha wakaondoka na mchezo huo kwenda bara. Huo ulishika haraka kuliko katekisimu.)

Unguja kwenyewe, katikati ya Uislamu uliokomaa, waongofu walikuwa haba, na chuo hakikuwa na njia nyingine ila kutazama ng'ambo. Frank Weston, aliyekuwa mkuu wake kabla ya kuwa askofu mwaka 1908, aliona wanafunzi wengi sasa wakitoka bara, watoto wa watu huru. Vita ilipoanza 1914, Wajerumani waliwatia kizuizini wamishonari Waingereza pamoja na mapadri na walimu Waafrika. Pale ambapo mwalimu aliachwa kijijini, ibada iliendelea. Hata hivyo kiti cha askofu kiliendelea kukaliwa na Mwingereza, na UMCA ilisubiri hadi miaka ya 1960 kumweka wakfu Mwafrika, John Sepeku, kuwa askofu.

Weston alifariki Novemba 1924. Mwaka uliofuata chuo kikahamia Minaki, karibu na wale kiliokuwa kikiwafundisha. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969 serikali ilizitwaa shule za mashirika ya dini, Minaki ikiwemo, na tangu hapo madarasa yake yanakaliwa na Wakristo na Waislamu pamoja.